Nilivyopimwa Kitanzi cha Laini Kule Chania

Mwaka wa 1967, nikiwa na miaka kumi, ndipo shida ilinijua kwa jina. Baba alikufa, shule nikaiacha darasa la pili, na nilichokuwa nimepata huko ni kuandika jina langu na la mama, basi. Nikapelekwa milimani, kule Mto Thika unakoanzia, ambako wazungu walikuwa na kambi ya kuvua samaki wa trauti. Kazi yangu ilikuwa kubeba mifuko yao na kunyamaza. Nilibeba, nikanyamaza, nikaangalia mikono yao. Wakienda kulala mchana, mimi nilikuwa kando ya mto na mwanzi na kamba ya katani, narusha. Hakuna mtu alinifundisha. Naandika hivi mapema ili msomaji ajue aliyekasirika ni nani na hasira yake imetoka wapi.

Uvuvi wenyewe, kwa wale hawaujui, si wa ndoano na mnyoo. Ndoano inafungwa manyoya mpaka inafanana na nzi. Nzi huyo ni mwepesi kuliko punje ya mchele, huwezi kumtupa kama jiwe. Unachorusha ni laini, ambayo ni nene kidogo, nayo ikienda hewani inajikunja halafu inajikunjua mbele. Pale inapojikunja ndipo tunapaita kitanzi. Kitanzi kikiwa chembamba, kama mpini wa bakora, laini inapasua upepo na nzi anatua bila kelele. Kikiwa kipana, laini inaanguka kama shuka limetoka kwa kamba ya nguo. Mwalimu anajulikana kwa kitanzi chake. Hapo hakuna siri nyingine.

Sababu ya kusafiri aliileta Mama Wairimu. Huyu mama ana bwawa nyuma ya mashamba ya kahawa huku Ruiru, na kwa miaka mingi kila Jumamosi mimi ndiye nafundisha watu kurusha laini hapo. Alinikuta nimeketi ukingoni akasimama bila kuketi, nikajua kuna jambo.

"Mzee, kuanzia mwezi ujao hapa atafundisha mwenye cheti peke yake."

"Kwani samaki wameanza kuuliza cheti?"

"Samaki hapana. Watu wa bima ndio wanauliza. Kuna mtihani Thika. Nenda uufanye, mzee wangu, kwa sababu sitaki kukutoa hapa."

Alisema kwa heshima, lakini nilisikia nimepigwa kofi. Mtu ameona nikifundisha mpaka watoto wa wanafunzi wangu, halafu ananiambia nikapimwe! Hata hivyo bwawa ni lake, na zile Jumamosi sikutaka kuzipoteza. Mzee akikosa mahali pa kuamkia anaanza kuhesabu kuku. Nikakubali.

Nyumbani Gitothua, siku ya mtihani, jua halijatoka. Mke wangu Nyambura alinipa chai na nduma, akabaki akiangalia nikipaka viatu rangi.

"Kwani unaenda harusi?"

"Naenda mtihani."

"Wewe? Uliyetoroka darasa la pili?"

"Sikutoroka. Nilitolewa na njaa."

"Haya, baba. Lakini ukiulizwa kitu hujui, usigombane na watu."

"Ni lini umeniona nikigombana?"

Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Nikatoka na rodi zangu mbili, fimbo za kurushia laini, bila kumjibu, kwa sababu ningemjibu tungegombana.

Barabara kuu ya Thika, asubuhi. Nilijiendesha kwa pikapu yangu. Nilishaamua siendi kupimwa nikiwa nimebebwa. Baada ya Ruiru magari yanapungua na unaona ghorofa zimejipanga pande zote mpaka Juja. Nyingi ya hizo kuta ni za mawe, na mawe ya hapa nayajua, maana nilipoacha mlima nilikata mawe kwenye machimbo mpaka nikapata watu wa kunikatia. Hakuna aliyeniuliza cheti cha kukata mawe. Walipima jiwe kwa kamba, likiwa limenyooka wanachukua, likiwa limepinda wanaacha. Njia yote nilikuwa nawaza: hivyo ndivyo kupima. Unapima kitu, hupimi mwenye kitu.

Makongeni, hapo Thika, nilisimama nimchukue Hassan. Hassan anauza spea za pikipiki, amezaliwa hapo hapo mtaani, na ni mwanafunzi wangu pale bwawani. Ana umri wa watoto wangu. Yeye pia alikuwa anaenda mtihani. Nilimpata nje ya duka ameshika rodi ndani ya paipu ya maji, uso umemkauka.

"Habari ya asubuhi, mzee wangu. Umesoma?"

"Nisome nini?"

"Maswali ya mtihani. Si nilikutumia kwa simu?"

"Hiyo simu nilimpa Nyambura. Niambie wanauliza nini."

Akaingia, tukaondoka. Akaanza kunieleza, na kila akieleza nazidi kusikia vibaya. Ati kwanza unarusha kitanzi chembamba, mfululizo bila kuharibu. Halafu unaulizwa maswali ya mdomo. Halafu unarusha kitanzi kibaya makusudi, kipana, waone unajua kosa linatokaje.

"Ngoja," nikamwambia. "Unarusha vibaya?"

"Makusudi, mzee."

"Mbele ya watu?"

"Ndiyo mtihani."

"Kosa linatoka kwa mtu wa kichwa kigumu. Hiyo haihitaji kuonyeshwa."

"Uwaambie hivyo wewe, mzee. Mimi nitarusha tu," Hassan akasema, akageukia dirisha asicheke mbele yangu.

Chania. Mtihani ulikuwa kwenye kiwanja cha nyasi cha mtu binafsi, juu kidogo ya maporomoko ya Mto Chania hapo Thika, mahali unasikia maji lakini huyaoni. Wale wanakuja kupiga picha za maporomoko walikuwa wanapita kando ya ua wakituangalia, watu wazima wanavua kwenye nyasi kavu. Wacha wacheke. Kitanzi kinapimwa vizuri zaidi kwenye nyasi, hakuna samaki wa kukuchanganya. Kwenye ncha ya laini tulifunga kipande cha uzi wa sweta badala ya ndoano, na matairi ya baiskeli yalikuwa yamelazwa hapa na pale kuwa shabaha.

Tulikuwa watu wachache, na wapimaji walikuwa wawili. Mkubwa alikuwa Bwana Gathogo, mtu wa kitambi na kofia pana. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha turubai chini ya mwavuli, thamosi kando ya mguu. Wa pili alikuwa Madam Nyokabi, msichana wa kama miaka thelathini, amevaa gambuti za matope na hakuketi hata mara moja. Bwana Gathogo alitusalimia kwa Kiingereza na akaendelea kwa Kiingereza mpaka nikainua mkono.

"Bwana mkubwa, sema kwa Kiswahili."

"Mzee, mtihani ni wa Kiingereza."

"Kwani laini inarushwa kwa Kiingereza?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Madam Nyokabi akasema hakuna mahali sheria za chama kinachotoa cheti zinataja lugha, na kwamba mimi ataniuliza yeye, kwa Kiswahili. "Sawa, guka?"

"Mimi si guka yako, si babu ya mtu hapa," nikamwambia. "Mimi ni mtahiniwa."

"Sawa, mtahiniwa," akasema, na hakukasirika. Hilo lilinifanya nimtazame mara ya pili.

Hassan ndiye aliitwa kwanza. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye ua, upande wa kulia kwake. Alianza na wasiwasi, halafu akatulia. Akarusha moja, mbili, tatu. Kitanzi kilikuwa chembamba, nakiona mbele ya macho yangu, unaweza kukiweka chini ya kwapa ukaenda nacho nyumbani. Nikasikia sauti ya Bwana Gathogo kutoka kwenye kiti chake.

"Pana. Haijatosha. Anayefuata."

Hassan akashusha rodi kama mtu ameambiwa nyumba yake imeungua. Mimi nikageuka niangalie huyo mtu ameona nini. Na ndipo nikaona kiti chake kiko wapi. Kiti kilikuwa nyuma. Nyuma kabisa ya mtu anayerusha! Mwavuli umewekwa mahali kivuli ni kizuri, naye ameketi kwenye kivuli, na watu wote wanarusha wakimpa mgongo.

Hapa lazima nieleze, kwa sababu hapa ndipo damu ilinipanda. Kitanzi kinaelekea mbele. Mguu mmoja wa laini uko juu, mwingine uko chini, na upana wake ni ile nafasi iliyo katikati. Ukiwa pembeni unaiona wazi kama mlango. Ukiwa nyuma unaona laini imesimama juu ya laini nyingine, na jua linakupiga machoni, na mkono wa mrushaji umeziba kila kitu. Hakuna binadamu anaweza kujua upana kutoka pale. Anakisia. Mtu amefunga duka lake kuja hapa, na mwingine anakisia akinywa chai!

Niliondoka kwenye ua nikaenda mpaka kwenye mwavuli.

"Bwana Gathogo, hiyo pana umeionea wapi?"

"Mzee, rudi kwa foleni. Zamu yako haijafika."

"Nimeuliza. Ukimfuata mtu njiani kutoka nyuma, utajua kitambi chake kimefika wapi?"

Kuna mtu aliguna kicheko nyuma yangu. Bwana Gathogo alijishika kitambi bila kujua, halafu akautoa mkono haraka.

"Hapa ni mtihani. Si baraza la chifu."

"Na mimi si mwizi wa kuku uniambie ninyamaze. Simama pembeni uone kama sisi wengine tunavyoona."

"Magoti yangu hayawezi kusimama juani siku nzima."

"Basi uketi pembeni! Kiti si mti, hakijaota hapo."

Nilikuwa nimepaza sauti, nakubali. Hassan alikuwa ananivuta shati, "Mzee, wacha, mzee, watatufukuza." Lakini nilikuwa nimefika pale mtu hawezi kurudi. Nikauliza ni mitihani mingapi amepima akiwa kivulini namna hiyo, na ni watu wangapi wamepita bila kujua au wameanguka wakijua. Akainama kushika thamosi yake. Anayejua amefanya vizuri hujibu.

Madam Nyokabi ndiye alimaliza. Alisema kwa sauti ya chini, akimwangalia mkubwa wake, "Bwana Gathogo, mwongozo wetu pia unasema upana unapimwa kutoka pembeni. Wacha mimi nisimame pembeni, niseme ninachoona. Wewe utaandika."

Yule bwana akamimina chai, akafikiri, akasema sawa, lakini neno la mwisho ni lake kwa sababu sahihi ni yake. Kiti hakukisogeza hata kidogo. Kuna watu wanaona aibu kusogeza kiti kuliko kukosea.

Hassan akarudishwa. Madam akasimama pembeni, gambuti kwenye nyasi, akainama kidogo kama mtu anaangalia jiwe kama limenyooka. Hassan akarusha. Madam akasema, "Chembamba. Chembamba. Chembamba." Mpaka wakaridhika. Halafu akajibu maswali, akarusha kile kibaya makusudi, laini ikapanda juu kama upinde wa mvua na kuanguka chini kama makamasi. "Pana," akasema Madam, na Hassan akatabasamu kwa kuharibu. Mimi nilitazama kando.

Zamu yangu. Sitajisifu sana. Nitasema tu kwamba nilivua koti, nikatoa laini mpaka ikalala kwenye nyasi yote mbele yangu, na nilipoinua rodi wale watu wa picha kwenye ua waliacha simu zao. Kitanzi changu kilitengenezwa kwenye mto mdogo, mto wa vichaka juu na vichaka kando, ambapo laini ikipanuka kidogo inashika tawi na mzungu anakutukana. Hapakuwa na nafasi ya kukosea. Nilirusha mpaka Madam akaacha kusema "chembamba" akawa anatingisha kichwa tu. Uzi wa sweta ulianguka ndani ya tairi la mwisho ukalala hapo. Hata Bwana Gathogo alipiga makofi kutoka kivulini, ingawa sijui alikuwa anapigia nini makofi.

Tukaingia maswali, mimi na Madam tumesimama juani.

"Kitanzi kinapanuka kwa sababu gani?"

"Ncha ya rodi imechora upinde badala ya kwenda moja kwa moja. Mtu amefungua kifundo cha mkono, rodi inafagia kama anatoa buibui kwa dari."

"Vizuri. Utamsaidiaje?"

"Mkono uende, usimame ghafla. Kama mtu anataka kugonga msumari, halafu ameona kidole chake kiko hapo."

Akacheka. Akaandika. "Na mtu anahitaji kitanzi kipana wakati gani?"

"Hakuna wakati."

"Hakuna hata mmoja?"

"Mimi tangu nizaliwe sijawahi kukihitaji."

"Ukiwa na nzi mzito, aliyefungwa kipande cha madini ya risasi ili azame?" akauliza. "Ukirusha chembamba atakugonga kichwani au afungane na laini. Unakipanua kidogo apite mbali na wewe."

Kule mlimani hatukuwa na nzi wa risasi, maji yalikuwa ya kufika magotini. Pale bwawani nafundisha nzi mwepesi. Lakini alichosema kilikuwa na akili, na nilikasirika zaidi kwa sababu kilikuwa na akili. Akaandika tena, sikuuliza ameandika nini.

"Sasa nionyeshe kipana. Makusudi."

"Hiyo sifanyi."

"Kwa nini?"

"Nimetumia maisha yangu yote kutoa huo ubaya kwa mkono wangu. Leo nimevaa viatu vya harusi niurudishe mbele ya watu? Fundi wa nyumba anaambiwa ajenge ukuta uliopinda?"

Madam hakubishana. Alimwita Hassan, akampa rodi, akamwambia arushe kipana tena. Hassan akarusha. Madam akaniambia, "Huyu ni mwanafunzi wako. Hajui amefanya nini. Mwonyeshe."

"Hassan, umefungua kifundo."

"Sijakiona, mzee," Hassan akasema. Alikuwa anajua kabisa, lakini alikuwa anacheza mwanafunzi, na aliucheza vizuri. "Nimekifungua namna gani?"

"Namna hiyo."

"Namna gani?"

"Wewe, usinijaribu!"

"Mzee, kila Jumamosi unaniambia 'namna hiyo' na sijui ni ipi," akasema, na hapo hakuwa anacheza tena. "Nilijifunza kwa kumwangalia jirani yangu akikosea."

Nilichukua rodi. Sikuichukua kwa kupenda. Madam akaniambia nina nafasi tatu. Nikawaza mto mpana, nikawaza mtu asiye na haraka, nikaachilia kifundo. Laini ikaenda. Ikajikunja nyembamba kama kawaida.

"Bado chembamba," akasema Madam.

Mara ya pili nilifungua mpaka kiwiko. Mkono ukafika mahali pa kusimama ukasimama wenyewe, sijautuma. Chembamba. Nilisikia jasho kwenye mgongo. Wale wa kwenye ua walifikiri naonyesha ufundi, wakapiga makofi. Makofi mabaya kuliko yote nimewahi kupigiwa.

Mara ya tatu nilifagia kwa nguvu zangu zote, nikakaribia kuanguka. Laini ikaruka juu, ikayumba, lakini mbele kule ikajikusanya tena, kitanzi kikafunga kikawa chembamba. Mimi niliisikia kwenye mkono. Mrushaji anajua kabla ya anayeona.

"Pana!" akaita Bwana Gathogo kutoka kivulini, kwa furaha. "Hiyo ni pana. Tosha. Mzee amepita."

"Hapana," akasema Madam kutoka pembeni. "Imefunga. Ni chembamba."

"Mimi nimeona pana."

"Wewe uko nyuma, Bwana Gathogo."

Wakaangaliana. Halafu yule bwana, kwa mara ya kwanza siku hiyo, akatoka kwenye kiti chake. Akaja mpaka karibu yangu akishika magoti, akanishika bega kama rafiki wa zamani.

"Mzee, mimi ndiye ninaweka sahihi. Na mtu kama wewe kukosa cheti ni aibu kwa chama. Wewe mwenyewe unasemaje? Si ilikuwa pana?"

Niliwaza bwawa. Siwezi kusema uongo, niliwaza bwawa na Jumamosi. Niliwaza pia Nyambura na chai yake, akiniuliza. Neno lilikuwa moja tu, na hakuna mtu angeniuliza tena. Lakini huyu ndiye yule alimwandikia Hassan "pana" asubuhi kutoka kiti kile kile. Kama macho yake hayakuwa macho asubuhi kwa Hassan, yamekuwa macho saa ngapi kwangu? Nilikasirika kuliko asubuhi. Asubuhi alikuwa amekosea. Sasa alikuwa ananipa kosa lake kama zawadi na anataka niseme asante.

"Ilikuwa nyembamba," nikasema. "Andika alichoona Madam."

"Mzee!" Hassan alisema.

"Na toa mkono begani."

Akautoa. Akaandika. Hassan akapata cheti. Mimi nikaambiwa sijatosha sehemu moja, nirudi mtihani mwingine ukitangazwa. Madam Nyokabi alikuja akanipa mkono, akaniambia hajawahi kuona kitanzi kama changu. Nikamwambia hiyo ndiyo shida yenyewe. Hakuniita guka.

Kurudi. Kutoka Chania mpaka Makongeni Hassan alikuwa ameshika cheti chake juu ya mapaja kama ni sahani ya chakula moto. Nilipozima gari mbele ya duka lake hakushuka.

"Mzee, nimefikiri. Cheti kitakuwa changu, lakini wewe ndiye utafundisha. Mimi nitakuwa jina tu. Mama Wairimu hatajua, bima haitajua."

"Hassan, uko kivulini?"

"Mimi?"

"Unataka kuketi nyuma na kusema umeona. Umetoka kuona mtu akifanya hivyo leo, na umeshaanza."

Akainamisha kichwa. "Nilikuwa nataka kukusaidia."

"Utanisaidia ukifundisha. Umeweza kitu mimi nimeshindwa. Unajua kukosea ukiambiwa." Hayo maneno yalinitoka kwa uchungu, si kwa sifa, lakini yeye aliyachukua kama sifa na macho yakamlowa. Nikamwambia ashuke, nina safari.

Ruiru, jua limeanza kulainika. Sikupitia nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja mpaka bwawani, kwa sababu habari mbaya naipeleka mwenyewe, siingoji inifikie. Mama Wairimu alikuwa anahesabu makreti ya soda.

"Umepata?"

"Hassan amepata. Yeye ndiye mwalimu wako mwezi ujao."

"Na wewe?"

Nikamweleza yote, kiti, mwavuli, kitanzi, na lile neno la mwisho. Alisikiliza mpaka mwisho akapiga paja.

"Haiya! Si ungenyamaza tu, mzee? Neno moja!"

"Wewe ungetaka mwalimu wa hilo neno moja?"

Aliweka kreti chini. Halafu akasema mlango wa bwawa lake haujafungwa kwangu, nije nivue siku yoyote, nisilipe. Nikamwambia nitavua, na nitalipa.

Nilichojifunza nakiandika hapa kwa wenzangu wa nyumbani, na kila mtu achukue anachotaka. Upana wa kitanzi unapimwa kutoka pembeni, na chama kinachoweka mpimaji nyuma ya mtu kinatengeneza walimu wa kubahatisha, ambao watatengeneza wanafunzi wa kubahatisha, na hawa watoto wetu ndio watalipia. Hili nimelisema mbele ya Bwana Gathogo na nitalisema tena mbele ya yeyote. La pili linaniuma kuliko la kwanza: mkono unaojua njia moja tu hauwezi kumwonyesha mtu njia aliyopotelea. Yule msichana alikuwa sawa. Nimekubali ni sawa, na kukubali hakujaniondolea hasira.

Sasa asubuhi narusha kwenye nyasi nyuma ya nyumba, najaribu kupanua. Jirani ananiuliza kwa ua kama macho yameanza kunisumbua. Jana mara moja kilipanuka kweli, na Nyambura akaniambia kimekuwa kibaya sana.

Vitu nilivyo navyo leo ni hivi. Ploti Gitothua na nyumba ya mawe niliyoyakata mwenyewe. Ploti nyingine ndogo yenye vyumba vya kupangisha. Pikapu moja. Ng'ombe wawili na kuku. Rodi mbili, na nzi wa manyoya niliowafunga kwa mikono yangu. Mke mmoja. Watoto waliosoma wote. Mwanafunzi mmoja mwenye cheti.